Ukuta wa Shaba na Ukuta wa Povu

Vijana, hasa ninyi mlioko kwenye vyuo vya ufundi na uhandisi, sogeeni karibu na redio. Na kama una karatasi na kalamu hapo ulipo, vichukue, kwa sababu leo kuna hesabu ndogo tutaifanya pamoja, mimi huku na wewe huko.

Nianze na swali. Umewahi kuweka kiganja kwenye ukuta wa chumba unaotazama machweo, saa mbili usiku, wakati jua limeshazama? Ukuta ule bado una joto. Kwa upande wa ndani, ambako jua halikuwahi kuufikia! Sasa joto hilo lilipita wapi? Tofali halina tundu, lipu haina ufa, dirisha lilikuwa limefungwa. Joto limepita katikati ya tofali lenyewe, punje hadi punje, kutoka upande wenye joto kali kwenda upande wenye joto pungufu. Safari hiyo ndiyo waliosoma sayansi ya shule ya msingi walifundishwa kuiita mpitisho.

Leo tunazungumzia jinsi wahandisi wanavyoiiga safari hiyo ndani ya kompyuta. Na nina jambo moja ninalotaka ulishike, nitalisema sasa na nitalirudia: ile picha ya rangi nzuri inayotokea kwenye skrini si jibu. Jibu ni namba, na namba hiyo unapaswa kuwa na wazo nayo kabla hujaiwasha kompyuta.

Tuanze na ukuta wenyewe. Tuchukue ukuta wa kawaida kabisa wa tofali la simenti la inchi sita, yaani unene wa sentimita 15. Tuseme uso wa nje una nyuzi 45 kwa sababu ya jua, na uso wa ndani una nyuzi 30. Na tuseme hali hiyo haibadiliki: nje 45, ndani 30, saa baada ya saa. Hapo ndipo wahandisi wanaposema joto limefikia hali thabiti.

Hali thabiti maana yake nini? Fikiria simtanki juu ya mnara wake. Maji yanaingia kwa bomba la juu na yanatoka kwa bomba la chini. Kama yanayoingia ni sawa na yanayotoka, kina cha maji ndani ya tanki hakipandi wala hakishuki. Maji yanapita muda wote, lakini ukichungulia unaona kimya. Ndivyo ukuta ulivyo katika hali thabiti: joto linapita muda wote, ila halijoto ya kila sehemu ndani ya ukuta imesimama palepale. Sikiliza vizuri hapo. Joto halijasimama. Kilichosimama ni kipimo cha halijoto.

Aliyetuwekea kanuni ya jambo hili ni Mfaransa, Joseph Fourier, aliyezaliwa mwaka 1768. Huyu bwana aliwahi kufika bara letu: mwaka 1798 alifuatana na jeshi la Napoleon kwenda Misri akiwa mmoja wa wanazuoni wa msafara ule. Baadaye akiwa mtawala wa jimbo kule Grenoble, huku akisimamia shughuli za serikali, alikuwa akipima na kuandika kuhusu joto. Mwaka 1807 aliwasilisha maandishi yake kwa wanazuoni wa Paris, na baadhi yao, pamoja na Lagrange aliyekuwa gwiji wa hisabati wa zama zile, hawakuridhika nayo. Hakuacha. Kitabu chake kikubwa kuhusu joto kilitoka mwaka 1822, na hadi leo, miaka zaidi ya 200 baadaye, kila programu ya kompyuta inayohesabu mpitisho wa joto inatumia kanuni ile.

Kanuni yenyewe naweza kuisema redioni bila ubao. Joto linalopita kwenye kila mita ya mraba ya ukuta huongezeka tofauti ya nyuzi ikiongezeka, hupungua unene ukiongezeka, na hutegemea ukuta umejengwa kwa kitu gani. Kila kitu kina namba yake ya upitishaji. Tofali la simenti lisilo na matundu namba yake ni kama 1. Mbao ni kama 0.15. Lile povu jeupe jepesi linalopangwa ndani ya boksi la televisheni mpya ni kama 0.035. Shaba ni kama 400. Basi. Unazidisha namba hiyo kwa tofauti ya nyuzi, unagawanya kwa unene kwa mita.

Turudi ukutani kwetu. Tofauti ni nyuzi 15, unene ni sentimita 15. Kwa hiyo kila sentimita moja unayoingia ndani ya tofali, halijoto inashuka nyuzi moja. Ni safari ya kushuka ngazi zilizo sawa: 45, 44, 43, hadi 30. Na joto linalopita? Namba ya tofali ni 1, mara 15, gawanya kwa 0.15. Jibu ni wati 100 kwa kila mita ya mraba. Ukuta wa mita 3 kwa 4 una mita za mraba 12, kwa hiyo unaingiza wati 1,200. Hiyo ni sawa na kuiacha pasi ya umeme ikiwaka chumbani kutwa nzima, kisha ukawasha kiyoyozi kupambana nayo. Anayenunua umeme wa luku anaelewa ninachosema.

Sasa shika kalamu. Chora viboksi sita kwenye mstari mmoja. Kwenye kiboksi cha kushoto kabisa andika 45. Kwenye cha kulia kabisa andika 30. Hivyo viwili usiviguse tena, ndiyo nyuso mbili za ukuta wetu. Vinne vya katikati hatuvijui bado, kwa hiyo tukisie tu: andika 30 kwenye vyote vinne.

Umeandika? Haya. Nenda kwenye kiboksi cha pili. Jirani yake wa kushoto ni 45, wa kulia ni 30. Chukua wastani wao: 37.5. Futa 30, andika 37.5. Nenda cha tatu. Jirani zake sasa ni 37.5 na 30, wastani ni 33.75. Andika. Endelea hivyo hadi cha tano, halafu rudi mwanzo uzunguke tena. Kila mzunguko namba zinasogea, mwanzoni kwa hatua kubwa, kisha kwa hatua ndogo, na baada ya mizunguko kumi hivi karibu zimetulia. Zimetulia kwenye namba zipi? Zinakwenda kwenye 42, 39, 36 na 33. Ngazi zilizo sawa, kama tulivyotarajia!

Kwa nini wastani? Kwa sababu katika hali thabiti joto linaloingia kwenye kila kipande kutoka kushoto lazima liwe sawa na linalotoka kwenda kulia. Na kama mshuko wa kushoto ni sawa na mshuko wa kulia, aliye katikati hana budi kuwa wastani wa jirani zake wawili. Hakuna kilichofichika hapo.

Na sasa nikuambie: hicho ulichokifanya kwenye karatasi ndicho kompyuta inachokifanya. Inaukata ukuta vipande vidogo, inaweka nukta, inahakikisha kila nukta inaelewana na jirani zake. Kuna njia zaidi ya moja za kukata na za kutafuta mwafaka, lakini kiini ni hicho. Mwaka 1910 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha hesabu za namna hii kuhusu nguvu zilizomo ndani ya bwawa la mawe, na hakuwa na mashine yoyote ya kielektroniki. Alikuwa na watu walioketi na kalamu, wakipiga hesabu nukta kwa nukta, naye akiwalipa kwa kazi waliyoikamilisha. Mimi huwaheshimu sana watu wale. Mtu aliyewahi kufanya hesabu hiyo kwa mkono, hata ya viboksi sita tu, hawezi kuitazama skrini ya kompyuta kama mtu anayetazama muujiza.

Twende kwenye kompyuta basi. Programu ziko nyingi. Zipo za kulipia na ghali, kama ANSYS na COMSOL, na zipo za bure ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua: Elmer iliyotengenezwa Ufini, CalculiX iliyotoka kwa wahandisi wa Ujerumani, OpenFOAM, na FreeCAD ambayo unachora ndani yake kisha unaiagiza ipeleke hesabu kwa CalculiX. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida, hata ile iliyotumika, anaweza kufanya zoezi la leo bila kulipa chochote zaidi ya bando la kupakulia.

Hatua zake zinafanana kote. Unachora ukuta. Unaiambia programu ukuta ni wa kitu gani, yaani unaipa ile namba ya upitishaji. Unaweka masharti ya mipaka: uso huu nyuzi 45, uso ule nyuzi 30. Unaukata vipande, wanaita kutengeneza meshi. Unabonyeza, inahesabu. Na mara picha hiyo: nyekundu upande mmoja, inageuka njano, kijani, hadi bluu upande wa pili. Inapendeza mno. Wengi huichukua, wakaibandika kwenye ripoti, wakaendelea na mambo mengine.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Fanya jaribio hili. Ukuta uleule, nyuzi zilezile, badilisha kitu kimoja tu: ondoa tofali, weka shaba. Namba ya upitishaji ilikuwa 1, sasa iwe 400. Hesabu tena. Unadhani picha itakuwaje?

Itakuwa ileile. Nyekundu palepale, kijani palepale, bluu palepale. Ondoa shaba, weka lile povu jeupe la boksi la televisheni. Picha ni ileile tena, bila tofauti hata ya uzi! Kwa sababu umeilazimisha programu: nje 45, ndani 30, na kati yake ngazi zilizo sawa. Kitu ulichojengea hakibadilishi ngazi hizo hata kidogo.

Lakini uliza joto linalopita. Kwenye povu ni wati 3.5 kwa mita ya mraba. Kwenye tofali ni 100. Kwenye shaba ni wati 40,000. Kuta tatu ambazo mtu hawezi kuzifananisha, moja inakuhifadhi na nyingine ingekuunguza, na picha yao ni moja. Je, picha hiyo imekuambia nini? Imekuambia ulichoiambia wewe, basi. Ndiyo maana nikasema mwanzoni, na ninarudia: picha si jibu, jibu ni namba.

Kuna mtego wa pili, ndugu yake na huo. Umechora ukuta wa milimita 150, lakini programu inasoma kila kipimo kama mita. Kwayo, ukuta wako una unene wa mita 150, kama mlima! Picha? Ni ileile. Joto linalopita limepungua mara elfu moja, kutoka wati 100 hadi sehemu moja ya kumi ya wati moja, na rangi hazijabadilika. Mwenye namba yake kwenye karatasi ataona papo hapo kwamba kuna kitu kimekwenda kombo. Mwenye picha tu ataichapisha.

Na wa tatu. Mtu ameweka nyuzi 45 nje, akasahau kuweka chochote ndani. Programu nyingi za namna hii hazikugombi. Uso usioambiwa chochote zinauchukua kuwa umezibwa, haupitishi joto kabisa. Matokeo yake ukuta wote unakuwa nyuzi 45, rangi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, na joto linalopita ni sifuri. Programu haijakosea. Umeiuliza habari za ukuta uliozibwa upande mmoja, nayo imekujibu sawasawa.

Kwa hiyo fundi wangu, mwanafunzi wangu, kila ukimaliza hesabu uliza swali hili dogo: joto lililoingia kwa uso wa nje ni kiasi gani, na lililotoka kwa uso wa ndani ni kiasi gani? Katika hali thabiti lazima yawe sawa. Programu zote nilizozitaja zinaweza kukupa namba hizo mbili. Halafu punguza ukubwa wa vipande, viwe vingi zaidi, uhesabu tena. Kwa ukuta wetu bapa wa kitu kimoja jibu halipaswi kubadilika, kwa sababu mstari ulionyooka hata vipande vichache vinaweza kuuchora. Likibadilika, rudi nyuma utafute kosa.

Sasa kuna msikilizaji makini ambaye pengine anasema: wewe bwana, umetupa nyuzi za uso wa ukuta, lakini nani anapima uso wa ukuta? Redio na simu zinatuambia nyuzi za hewa. Swali zuri sana hilo, na lina uzito zaidi kuliko linavyoonekana.

Uso wa ukuta na hewa iliyo karibu nao havina halijoto moja. Kuna tabaka jembamba la hewa lililoshikamana na kila uso, na tabaka hilo linazuia joto. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6946 kinatoa makadirio ya kizuizi hicho kwa ndani na kwa nje. Ukiyajumlisha, unakuta jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwenye ukuta mtupu wa tofali la inchi sita, hewa ya pande mbili inazuia joto zaidi kidogo kuliko tofali lenyewe. Maana yake ni kwamba mtu anayechukua nyuzi za hewa na kuzibandika moja kwa moja kwenye nyuso za ukuta atapata wati 100, wakati hesabu sahihi ingempa 47 hivi. Amekosea zaidi ya mara mbili, na mtu huyo atanunua kiyoyozi kikubwa asichokihitaji. Ndani ya programu dawa yake ni rahisi: badala ya kusema uso una nyuzi kadhaa, unasema uso huu unapakana na hewa ya nyuzi kadhaa, na unatoa namba ya jinsi hewa hiyo inavyopokea au kutoa joto. Jua lenyewe linaongezwa pembeni kama joto linalomwagwa usoni, na hapo rangi ya ukuta ina neno lake, maana ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unarudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga.

Mpaka hapa tumekuwa na ukuta wa kitu kimoja. Tuongeze tabaka. Kwenye tofali letu tubandike povu la sentimita 5 kwa ndani, na tuziache nyuso zikiwa 45 na 30 kama mwanzo. Hapa picha inaanza kusema kitu cha kweli. Ndani ya tofali rangi karibu haibadiliki, halijoto inashuka kama nyuzi moja na nusu tu kwa sentimita zote 15. Nyuzi zilizobaki, zaidi ya 13, zinashukia ndani ya zile sentimita 5 za povu. Na joto linalopita linatoka 100 hadi chini ya 10. Povu jembamba limefanya kazi ambayo tofali nene halikuiweza. Na hii bado unaweza kuihesabu kwa mkono: gawanya unene wa kila tabaka kwa namba yake, jumlisha, kisha gawanya tofauti ya nyuzi kwa jumla hiyo.

Sasa unaweza kuniuliza: kama yote haya yanahesabika kwa kalamu, kompyuta ya nini?

Twende kwenye chumba cha ubaridi, kama vile vinavyohifadhi minofu ya sangara kule Mwanza kabla haijasafirishwa. Ndani nyuzi 20 chini ya sifuri, nje nyuzi 30 za mchana wa kawaida. Tofauti ni nyuzi 50 mchana, na hata usiku inabaki kubwa, wiki nzima. Hapa hali thabiti iko karibu sana na ukweli. Ukuta ni paneli ya povu la poliyurethani la sentimita 10, limefunikwa kwa mabati pande mbili, na namba ya povu hilo ni kama 0.025. Kwa kalamu tunapata wati 12.5 kwa mita ya mraba. Vizuri sana.

Lakini fundi alipokuja kufunga rafu za ndani alitoboa paneli, akapitisha bolti za chuma kutoka upande hadi upande. Chuma kina namba kama 50. Hiyo ni mara 2,000 ya povu. Kwa makadirio ya juu kabisa, chuma chenye eneo la sentimita 5 za mraba tu, ambalo ni unene wa bolti moja kubwa, kinaweza kupitisha joto linalokaribia la mita nzima ya mraba ya ukuta ule mzuri. Bolti moja! Joto sasa haliendi tena kwa mstari ulionyooka. Linatoka pembeni kwenye bati, linakusanyika kwenye kichwa cha bolti, linapita kwenye chuma, linatawanyika upande wa pili. Kalamu yangu haiwezi kufuata njia zote hizo, na ya kwako pia. Hapa kompyuta inastahili kila shilingi na kila saa. Itakuonyesha joto kiasi gani linavuja kwa kila bolti, na uso wa nje unapoa kiasi gani kuizunguka, kwa hiyo ukuta utatoa jasho wapi. Mafundi wa majokofu wanaijua hali hiyo kwa macho: maji yanachuruzika nje, barafu inajikusanya ndani, daima mahali palepale penye chuma. Sehemu kama hiyo wahandisi huiita daraja la joto.

Na mtu ataiamini vipi kompyuta kwenye bolti, mahali ambapo hana jibu la kalamu? Ataiamini kwa sababu aliijaribu kwanza kwenye ukuta bapa, mahali ambapo jibu analo. Huu si ushauri wangu tu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 10211 kinachohusu madaraja ya joto kwenye majengo kinataka programu ijaribiwe kwanza kwa mifano ambayo majibu yake yanajulikana. Katika mmoja wa mifano hiyo kuna nukta 28 zenye halijoto inayojulikana, na programu haitakiwi kupishana nazo kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Kama walioandika kiwango wanaidai programu ijieleze, kwa nini mwanafunzi aiamini bila kuiuliza?

Kabla sijamaliza, neno la tahadhari kwa wanaojenga na wanaokarabati majengo ya pwani. Hali thabiti ina mahali pake. Chumba cha ubaridi, ndiyo. Ukuta wa tanuri la mkate linalowaka kutwa, ndiyo. Lakini nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja au za Lamu, zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilizo nene kama nusu mita, hapana. Ukuta mnene kiasi hicho unahitaji muda mrefu kuliko mchana mzima kufikia hali thabiti, na jua halingoji. Kabla joto la adhuhuri halijafika ndani sawasawa, usiku umeingia na nje kumepoa. Ubaridi unaousikia ndani ya nyumba zile saa nane mchana unatokana na ucheleweshaji huo, na hesabu ya hali thabiti haiuoni kabisa. Mtu akikuletea ripoti ya hali thabiti kusema kwamba kuta za zamani hazifai, zibomolewe ziwekwe tofali na kiyoyozi, mwambie arudi akahesabu upya kwa saa 24, jua likipanda na kushuka. Programu hizihizi zinaweza kufanya hivyo. Ni kuziomba tu.

Kwa walimu wa vyuo nina ombi. Kabla hamjampa mwanafunzi injini, bomba la mvuke au paa zima la kiwanda ahesabu kwenye kompyuta, mpeni ukuta huu mmoja. Mpeni viboksi sita na kalamu kwanza, kisha programu, kisha mwambieni abadilishe tofali liwe shaba na aeleze kwa maneno yake kwa nini picha haikubadilika. Asiyeweza kueleza hilo bado hajawa tayari kwa injini, hata kama ripoti yake ina rangi zote.

Na wewe unayemlipa mhandisi kwa nyumba au chumba chako cha ubaridi, una haki ya kumuuliza maswali matatu ukiwa umekaa naye mezani: joto linaloingia ni wati ngapi, uliweka masharti gani kwenye kila uso, na ulilinganisha na hesabu ipi ya mkono? Usione haya kuuliza, na usikubali kuonyeshwa picha tu.